Yenye Makao

Mimi ni karani wa kamati. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, saa ngapi, akaketi.
Kikohozi hakiandikwi. Kicheko huandikwa.
Kilio huandikwa "kimya kifupi."

Februari ile theluji ilifika kingo za dirisha
na mezani palikuwa na mswada wa kurasa tatu:
mwenye gari, akipenda, alipe dola thelathini na tano
juu ya ada ya kawaida
apewe kibao cha namba chenye nembo ya timu yake;
kumi za jimbo, zilizobaki za mfuko wa timu,
kwa ajili ya watoto na viwanja.
Na timu, kilisema kifungu cha nne, maana yake
ni timu ya kulipwa yenye makao ndani ya jimbo hili.

Yenye makao.
Niliyapiga chapa maneno hayo
kama mtu avukaye daraja
asiulize mto una kina gani.

Shahidi: Bernard Szymczak, fundi wa boila, mstaafu,
fulana ya Korongo juu ya shati la kanisani.
Kaleta sahihi elfu moja na mia mbili,
kazikusanya mlangoni pa duka la vyakula
siku ambazo wino uliganda ndani ya kalamu.
Seneta Hjelmstad, mkavu kama risiti, akamuuliza:
tangu lini serikali ikawa mpiga debe
wa tajiri mwenye timu?
Bernard akaikuna shingo.
"Mheshimiwa, sina kitabu wala cheo.
Nyuma ya gari langu
ndipo pekee watu wanaponisoma."
Kicheko. Nikaandika.

Mswada ukapita. Hjelmstad alisema la.
Vibao vikafyatuliwa gerezani, kama vyote,
na wanaume wasio na gari wala pa kwenda:
korongo wa buluu, mguu mmoja juu,
kando ya herufi na tarakimu.
Miaka tisa nilimwona kwenye foleni za magari,
chumvi ya barabarani ikimbambua mdomo.

Kisha mwenye timu akataka uwanja wenye paa.
Mji ukasema hauna.
Usiku wa Jumanne moja yakaja malori,
yakabeba magongo, mashine ya kulainisha barafu,
hata viti vya chumba cha kubadilishia nguo.
Asubuhi Korongo walikuwa wa jimbo jingine
na Idara ya Magari ikaanza kutuma barua:
kibao chako, kwa mujibu wa kifungu cha nne,
kirejeshwe ndani ya siku tisini.

Lorraine Szymczak alikuja peke yake.
Kibao alikitia kwenye mfuko wa mkate.
Hakuwa na hotuba, alikuwa na barua ile
na miwani ambayo haikuwa yake.
"Mmeniandikia kwamba hawana makao tena.
Sawa, wameondoka.
Bernard yuko Makaburi ya Mtakatifu Kasimiri,
safu ya kumi na mbili, karibu na uzio.
Yeye hajahama.
Naomba kujua, sheria inamhesabu nani?"

Saa tisa na dakika arobaini. Kimya kifupi.

Hjelmstad, mzee sasa, mkono unatetemeka,
akaomba maneno manne yaongezwe:
au iliyowahi kuwa nayo.
Mwenyekiti akatazama saa,
akasema wazo zuri, tulipeleke kikao kijacho,
na kikao kijacho kilijaa bajeti na mafuriko.
Mswada wa marekebisho uko kwenye kabati langu,
droo ya chini, pamoja na mwavuli usio na mwenyewe.

Jioni nilimkuta maegeshoni,
amechuchumaa kwenye theluji nyuma ya gari kuukuu,
bisibisi mkononi.
Hakunificha kitu. Sikumuuliza.
Nikawasha tochi ya simu,
nikamshikia korongo asianguke.
Skrubu moja ilikuwa imekwisha meno.
Tukafunga tatu.